Mistari ya Mama nyuma ya mlango

Sebuleni kwetu Hananasif, Dar es Salaam, nyuma ya mlango, kuna mistari mitano ukutani. Mama ndiye aliyeichora, mingine kwa mkaa, mingine kwa penseli ya fundi seremala, na pembeni ya kila mmoja akaandika mwaka. Wa chini haufiki gotini. Wa juu kabisa, wa 2011, unanifika kifuani. Nyumba ikipakwa rangi, fundi huambiwa kipande kile akiruke. Mgeni asiyejua hudhani Mama alikuwa anapima watoto wake wanavyorefuka.

Ni alama za maji ya mafuriko. Wapima ramani wameziona, wanafunzi wa chuo wameziona, watu wa mradi wameziona, na kila mmoja amepiga picha akaondoka. Nyumba yetu imebaki nje ya mpaka wa mradi wa kupunguza mafuriko ya Bonde la Msimbazi kwa nyumba nne tu. Waliokuwa ndani ya mpaka wameshavunja na kuhama. Sisi tunabaki kuishi na mto utakaotengenezwa, kwa hiyo nimejilazimisha kuelewa unatengenezwaje, na haya ndiyo niliyoyapata baada ya miaka ya kuhudhuria vikao, kuuliza maswali na kuzibua mitaro.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na kushuka kilomita kama 35 hadi Bahari ya Hindi, chini ya Daraja la Selander. Njiani unapokea mito midogo, Luhanga, Ubungo, Sinza, na kila mtaro wa kila mtaa uliopo kati yake. Wakati wa kiangazi, pale Kigogo, mtu anauvuka kwa kukunja suruali tu. Timu mbili kubwa za mpira nchini zinaitwa kwa majina ya eneo hili, Wekundu wa Msimbazi na Watoto wa Jangwani, na nadhani ndiyo maana watu wengi wanalitaja bonde kila siku bila kukumbuka kwamba ni bonde.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mabonde ya huku chini hulijua na wenzetu wa juu hawalijui: mafuriko yetu yana mwezi ndani yake. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvua kubwa ikinyesha maji ya bahari yakiwa yamekupwa, mto unatoka, tunapata tope na harufu basi. Mvua hiyohiyo ikikutana na bamvua maji yakiwa yamejaa, Selander panakuwa kama chupa iliyozibwa, na maji yanarudi nyuma kwenye mikoko na kuja kwetu. Babu mmoja mvuvi aliyekuwa akiishi nyuma ya nyumba yetu alikuwa anatazama mwezi kabla ya kutazama mawingu. Mara kadhaa alimwambia Mama, "Leo hata ikinyesha, lala," na tukalala.

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 20 Desemba 2011, hatukulala. Nchi ilikuwa imetimiza miaka 50 ya Uhuru siku 11 tu zilizopita, na bendera za plastiki bado zilikuwa kwenye nyaya za umeme. Maji hayakuingia kwa mlangoni. Yalianzia chooni. Shimo lilianza kukoroma kabla ya alfajiri, kisha likarudisha kila kilichokuwa ndani yake. Mama anaijua sauti ile. Alituamsha kwa maneno machache: magodoro juu ya kabati, chukueni ndoo, tokeni. Ndoo ni ile yenye mfuniko anayoifunga juu kwenye kenchi tangu sisi wadogo, ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na karatasi ya mauziano ya kiwanja. Mdogo wangu aliibeba kichwani, maji yakiwa kiunoni.

Tulipofika penye mwinuko tuligeuka. Jirani yetu mama lishe alikuwa amesimama kando yetu, kitenge kimemlowa mwilini, anatazama friji lake likielea chali uwanjani. Mlango ulikuwa umefunguka na nyanya zilikuwa zinatoka moja moja, zinaondoka na maji. Mwezi uliotangulia ndipo alipomaliza mkopo wa kikoba alioununulia friji lile. Hakulia. Aliendelea kuzihesabu nyanya kwa sauti, mpaka mwanaye akamshika mkono.

Zaidi ya watu 40 walikufa jijini katika siku zile. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kwamba mvua ya namna ile haijawahi kuonekana Dar es Salaam tangu 1954. Waathirika wengi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa kaskazini mwa jiji. Jirani yetu alipata chake. Lakini wateja wake walikuwa mafundi gereji wa Kinondoni, wanaokula saa nne asubuhi na kulipa jioni, na nauli ya kutoka Mabwepande kila alfajiri akiwa na masufuria ilimaliza faida yote. Mwaka haukuisha, alirudi kupanga chumba palepale bondeni. Simlaumu hata kidogo. Alifanya hesabu ile ambayo waliomhamisha walipaswa kuifanya kabla yake.

Watu husema wakazi wa bondeni ni wavamizi, na neno hilo huniuma kila ninapolisikia. Ni kweli kwamba mpango mkuu wa jiji wa 1979 uliliweka bonde la Msimbazi katika maeneo hatarishi, yasiyofaa kujengwa. Lakini sensa ya 1978 ilikuta mkoani watu 843,090, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Katika miaka hiyo yote viwanja vilivyopimwa, vilivyo karibu na kazi na vya bei ya mtu wa kawaida vilikuwa wapi? Mama alinunua kwa mashahidi, mbele ya mjumbe, na akaunganishiwa umeme. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira iliyokataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto ni ya 2004. Ilitukuta tumeshazaa na kuzika.

Desemba 2015 ikaja bomoabomoa. Alama ya X kwa rangi nyekundu ilianza kuonekana kwenye kuta, na tingatinga likaingia Mkwajuni, jirani kabisa na sisi. Nilishuhudia familia zikilala kwenye vifusi vyao wakati wa mvua, chini ya turubai, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Na mafuriko ya 2018 yalikuja palepale palipobomolewa, yakawakuta watu wengine, maskini zaidi ya wale wa kwanza, waliojenga kwa mabati chakavu. Kutokana na hilo nilijifunza jambo ambalo sasa nalisema katika kila kikao: ardhi ya mto isipopewa kazi, itarudiwa na watu. Ukiondoa nyumba, weka haraka kitu ambacho maji yakija hayakiharibu na watu wa mtaa wanakihitaji, kwa mfano uwanja wa mpira, bustani, kitalu cha miche au mikoko. Uwanja wa mpira ukifurika leo, wiki ijayo vijana wanacheza.

Hili ndilo jambo ninalolipenda katika mradi unaoendelea sasa. Ulizaliwa katika vikao virefu vya 2018, wahandisi wakikaa meza moja na viongozi wa mitaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200, Uholanzi na Hispania nazo zikaongeza fungu. Wazo lake kwa lugha ya mtaani ni kuupa mto upana wake. Huku chini mto unachimbwa na kupanuliwa, udongo unaotoka unatumika kuinua maeneo ya pembeni ili pajengwe juu ya usawa wa maji, na katikati inabaki bustani kubwa ya jiji ambayo inaruhusiwa kufurika. Daraja la Jangwani, ambalo kila masika hufungwa na kulazimisha mabasi ya mwendokasi kusimama, linapaswa kupisha daraja jipya la mita 390 lililoinuliwa. Karakana ya mabasi hayo, iliyojengwa palepale Jangwani na kumezwa na maji mara kwa mara, inahamishwa.

Fidia imelipwa kwa wengi. Wapo walioridhika, na wapo ambao mpaka leo wanasema kiasi walichopata hakinunui hata chumba na sebule Chanika. Nawaamini. Mtu anayelipwa kidogo hapotei. Anakwenda kutafuta bonde lingine la bei rahisi, na jiji linajitengenezea mafuriko ya miaka 20 ijayo. Kwangu mimi fidia inayotosha ni sehemu ya kazi ya kuzuia mafuriko sawa na zege na nondo, na ingefaa ihesabiwe kwenye fungu hilohilo.

Lakini hofu yangu kubwa iko juu, siyo hapa chini. Ukisimama Jangwani baada ya mvua utaona mchanga, mchanga mwingi, mweupe na mwekundu, umejaa mpaka karibu na tumbo la daraja. Mchanga ule hauzaliwi Jangwani. Unatoka Pugu, Kinyerezi, Segerea, mahali ambapo miti imekatwa kwa mkaa, kilima kimechongwa kwa viwanja, na kingo za mto zimechimbwa usiku na watu wanaopakia mchanga wa kujengea. Kila mwaka tingatinga huuzoa mbele ya kamera, na kila masika unarudi. Mto uliojaa mchanga ni kama sufuria lililojaa ukoko: hata maji machache yanamwagika. Kwa hiyo ninaposikia habari za daraja huwa nauliza habari za miti ya Pugu, za mabwawa madogo ya kunasa mchanga, na za mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuyasimamisha malori yale saa nane usiku. Majibu ya daraja huja na michoro. Ya malori bado hayajawahi kuja na mchoro.

Jingine la juu ni mapaa. Chukua nyumba yenye bati la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo ni masika ya kawaida tu, inashusha juu ya bati hilo lita 5,000, yaani matangi matano ya lita elfu moja. Zidisha kwa kila nyumba ya Tabata, Ubungo na Sinza, halafu ongeza nyua zote zilizofunikwa kwa vitofali visivyopitisha maji. Zamani maji yale yalizama kwenye mchanga chini ya mwembe. Sasa yanakimbilia mtaroni kwa pamoja, na mitaro yenyewe imejengwa kwa zege laini ili yakimbie zaidi. Nimefurahi kwa ajili ya watu wa Tandale waliojengewa Mto Ng'ombe kwa zege, karibu kilomita 8, kwa sababu najua walivyoteseka. Lakini zege halipunguzi maji, linayaharakisha, na mwisho wa ule mteremko ni sisi. Mtaro wa juu ukijengwa bila bwawa la kuyashikilia maji kwa saa kadhaa, tatizo limehamishwa mtaa tu. Ningependa kila kibali cha ujenzi kule juu kidai tangi au shimo la kunywea maji, na kiwanja kibakishwe na sehemu ya udongo mtupu.

Na hapa kwetu? Hananasif ina historia yake katika kazi hii, na sisikii ikitajwa vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wahandisi kutoka chuo cha ardhi, walichimba na kujenga mitaro ya mtaa huu kwa mikono, wakilipwa kibarua. Wanawake walikuwa wengi. Mama alikuwa mmoja wao. Alibeba mawe na kugonga kokoto na mdogo wangu akiwa mgongoni. Mpaka leo ukipita naye atakuonyesha: "Kipande hiki ni chetu, hiki cha kundi lile jingine, tazama walivyoharakia." Mitaro ile ilipunguza maji ya ndani ya mtaa kwa kiasi kikubwa. Kilichoidhoofisha baadaye ni kwamba hakuna aliyebaki na jukumu la kuizibua. Kamati ilichoka, fedha za matunzo zikakatika, na mtaro ambao hauzibuliwi ni jaa lenye kuta.

Nitaeleza kuzibua kalavati, kwa sababu wengi hawajawahi kufanya. Lipo moja kwenye kona yetu, duara, mtu mzima anaweza kuingia kwa kuinama. Tunaanza na reke upande wa juu. Zinatoka chupa za plastiki kwanza, kwa mamia, nyepesi. Halafu viroba. Halafu pampasi, ambazo zimekunywa maji zikawa nzito kama tofali, na hizo hazivutwi kwa reke, zinabebwa. Chini yake kuna tairi, daima kuna tairi, na safari iliyopita kulikuwa na sinki zima la choo. Mwisho kabisa ni mchanga, uliogandamana, wa kuchimbwa kwa chepe. Inatuchukua asubuhi nzima, watu kumi na wawili, na rundo linalotoka linajaza guta mara tisa. Kisha guta inaenda wapi? Gari la taka hupita mtaani kwetu mara moja kwa wiki, nyingine halipiti, na njia zetu nyingi halipenyi. Rundo likibaki kando ya mtaro, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Hakuna hatua ya kupunguza mafuriko iliyo rahisi kuliko guta na mahali pa kumwaga, na hakuna iliyosahaulika kama hiyo.

Liko pia jambo la vyoo, ambalo kwenye vikao watu huinamisha macho. Mvua kubwa ikianza, baadhi ya wenye nyumba hutapisha vyoo, wanatoboa shimo upande wa chini ili mvua ichukue uchafu. Wanafanya hivyo kwa sababu gari la kunyonya ni ghali na halifiki. Ndiyo maana maji ya mafuriko yetu yanaua hata yakifika kwenye vifundo vya miguu tu, na ndiyo maana kipindupindu kimekuwa mgeni wa kila baada ya mvua. Vyoo vya kupanda ngazi, vilivyoinuliwa juu ya alama ya maji, na vigari vidogo vya kunyonya vinavyopita vichochoroni kwa bei ambayo mpangaji anaimudu, hivyo navyo ni mpango wa mafuriko. Ninalisema hili nikijua wapo majirani watakaonuna.

Onyo la mvua limeboreka sana, na ninaishukuru Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa hilo. Siku hizi tunajua tofauti ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ila onyo linalosema "Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba" halimwambii mama lishe kama aamke saa tisa usiku au asiamke. Sisi tumejitengenezea letu. Shemeji yangu anakaa karibu na mto kule Kinyerezi. Maji yakigusa jiwe fulani kwenye ukingo wake, ananipigia. Nami nampigia mjumbe, na mjumbe muadhini, na kipaza sauti cha msikiti kinawaamsha watu. Kwa kawaida tunapata saa mbili, wakati mwingine tatu. Zinatosha kupandisha friji juu ya matofali, kumtoa bibi asiyeweza kutembea, kuzima umeme kwenye mita na kufunga gesi. Aprili 2018, katika mafuriko yaliyozigharimu kaya za jiji hili zaidi ya dola milioni 100, hatukuwa na simu ile. Fikiria kingeokoka nini kama kila mtaa wa bonde ungekuwa na mtu wa juu na jiwe lake, na kando yake kipimo cha kitaalamu kinachotuma namba ileile kwenye simu zetu sote.

Vijana wa Ramani Huria walipopita hapa, kuanzia 2015 wakichora mitaa ya Dar es Salaam nyumba kwa nyumba, walimuuliza Mama maji yalifika wapi. Aliwaambia, "Karibuni ndani, wanangu," akafunga mlango ili waone nyuma yake. Binti mmoja alichukua futi akapima kila mstari kutoka sakafuni, akaandika, akauliza na saa maji yalipoingia, na yalikaa siku ngapi. Mama alijibu yote bila kusita. Walipoondoka akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yalikaa siku ngapi.

Kikao cha mtaa ni mwisho wa mwezi huu, na mhandisi ameahidi kuja. Nimeandika maswali yangu kwenye karatasi moja: kingo zilizoinuliwa zikikamilika, maji ya mtaro wetu yatapita wapi kuingia mtoni siku ya bamvua? Nani analipwa kuzibua, kwa fungu la mwaka gani? Na ile nafasi ya nyumba zilizovunjwa mbele yetu, vijana wanaweza kuweka magoli lini? Mama amesema naye atakuja, na atataka mhandisi afike nyumbani kwanza.

Jumamosi hii tunazibua kalavati la kona, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Reke tunazo mbili, chepe tatu. Mwenye guta na atukopeshe hadi saa sita.